Mbuzi wa Masijala

Hapo zamani, si za kale sana, maana masijala ilikwisha kuwepo na fomu zilikuwa zikijazwa nakala tatu tatu, palikuwa na msitu ulioitwa Mto Mkavu. Mfalme wake alikuwa Simba, kama desturi, ila Simba wa zama hizo hakula tena raia hadharani. Alijenga hospitali.

Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya kutawazwa kwake, alipanda kichuguu akasoma takwimu za wodi ya wazazi: wamezaliwa wangapi, wamekufa wangapi. Waliokufa walikuwa na kamati yao. Kwa kila kifo kikao kiliitishwa, chai ikanywewa, ripoti ikaandikwa, na tuseme haki, kamati hiyo ilifanya kazi, kwani vifo vilipungua. Lakini palikuwa na kundi la tatu ambalo Simba hakulisoma kwa sababu halikuwa na safu kwenye jedwali: wale waliotoka wodini wakiwa hai, ila wameharibiwa humo humo. Mtoto aliyezaliwa bila kulia, akashikwa na degedege siku tatu, akarudishwa kwao shingo imelegea, aliandikwa "hai". Mama aliyetoka akichuruzika mkojo kwa kuachwa na mtoto njiani siku mbili, naye aliandikwa "hai". Kwa hesabu ya kichuguu wote hao walikuwa ushindi.

Basi usiku mmoja wa masika akaja Bi Paa, mimba yake ya kwanza, uchungu umeshika. Aliyempokea ni Nesi Kanga, mkunga pekee wa zamu ile, na wazazi wodini walikuwa 11, wengine wawili kitanda kimoja, wengine chini. Kanga akampima, akampa nafasi ukutani, akachukua jani.

Hili jani sikulitunga mimi. Binadamu wanaliita patografu. Mistari yake miwili mashuhuri ilichorwa Afrika, katika mji ulioitwa Salisbury, nchi ya Rhodesia, ambao leo ni Harare, na madaktari wawili, Philpott na Castle, waliochapisha kazi yao mwaka 1972. Shida yao ilikuwa ndiyo hii yetu: mkunga yuko peke yake kwenye zahanati ya mbali, daktari yuko mjini, na mkunga anataka kujua ni wakati gani aache kungoja. Mstari wa kwanza ni wa tahadhari. Wa pili, mwendo wa saa nne mbele yake, ni wa kuchukua hatua. Kila nusu saa mkunga husikiliza moyo wa mtoto na kutia nukta. Moyo huo ukiwa salama hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Njia ya uzazi hupimwa kila baada ya saa nne. Shirika la Afya Duniani liliihimiza karatasi hiyo ifike katika kila wodi, na mwaka 2020 likatoa mwongozo mpya wa kushika nafasi yake. Kati ya wote wanaoingia na kutoka katika chumba cha uzazi, ni karatasi hiyo tu inayokesha mpaka mwisho bila kwenda kulala. Mto Mkavu hapakuwa na bajeti ya karatasi, wakatumia jani la mgomba na mwiba.

Kanga akatoboa nukta zake. Saa 4 usiku, njia sentimita 5, moyo 140. Saa 6, moyo 136. Saa 7, moyo 112. Saa 7 na nusu, moyo 100, na hapo akamtuma Mjusi, tarishi wa hospitali, akamwite Dakta Nyani.

Dakta Nyani mchana alikuwa wa Serikali, usiku alikuwa wa mbuyu. Ng'ambo ya mto, juu ya mbuyu mmoja mnene, alikuwa na zahanati yake binafsi, na usiku ule alikuwa na Bi Pundamilia, mke wa mkandarasi, anayejifungua kwa fedha taslimu. Mjusi akarudi na jibu: "Kasema mwongezee dripu ya uchungu, anakuja."

Kanga akaitazama dripu, akaiacha ilipo. Alijua kwamba mtoto aliyechoka hazidishiwi mikazo; kila mkazo unamnyima hewa kidogo, na ukiikaza mikazo ikafuatana, mtoto hapati muda wa kuvuta pumzi ya mama yake. Saa 8 maji yakatoka ya kijani, moyo 88. Mjusi akatumwa tena. Njia ilipopimwa, nukta ikaangukia ng'ambo ya mstari wa tahadhari. Mjusi akatumwa mara ya tatu, akarudi na maneno haya: "Kasema yeye si mtoto mdogo wa kuitwaitwa."

Dakta Nyani alifika saa 11 alfajiri, mkia umetulia, mfuko umejaa. Mtoto akatolewa kwa kuvutwa. Hakulia. Kanga akamkausha, akamfikicha mgongo, akambana pua kwa mpira wa kupulizia hewa, na kwa kuwa kitu hicho hutakiwa kianze kabla dakika ya kwanza haijaisha, na mpira wenyewe ulikuwa umefungiwa kabatini na ufunguo anao mtunza stoo aliye likizo, dakika zilikwenda. Hatimaye kifua kikainuka. Watoto wa paa husimama wenyewe siku ileile ya kuzaliwa, asiyesimama huliwa. Huyu hakusimama siku hiyo, wala mwezi huo, wala mwaka huo.

"Mama, mshukuru Mungu," alisema Dakta Nyani akinawa. "Umepata mtoto hai. Mengine ni kudra."

Akaandika: hai.

Nyumbani mavyaa yake Bi Paa aliitazama ile shingo akasema ukoo wao haujawahi kuwa na kitu cha namna hii, kwa hiyo kimetoka kwa mwali. Jirani mmoja akakumbuka kuwa Bi Paa alikula mayai akiwa mjamzito. Mwingine alimwona akivuka njia panda magharibi. Mume akahamia bondeni kutafuta malisho, akapata na mke. Bi Paa akambeba mtoto mgongoni kwa waganga, mmoja baada ya mwingine, na kila mganga alijua adui ni nani na kuku ni wa rangi gani. Miaka minne ikapita hivyo.

Ni Bi Twiga, fundi wa mazoezi ya viungo, aliyemuuliza swali ambalo hakuna mganga aliyewahi kumuuliza. Alimnyoosha mtoto miguu, akaona inavyokaza na kupishana, akasema taratibu kuwa hali hii huitwa mtindio wa ubongo, kisha akainama kutoka kule juu aliko. "Mwanangu, alipozaliwa alilia?"

Bi Paa hakulala siku ile. Kesho yake alikwenda kwa Wakili Sungura, ambaye ofisi yake iko karibu na njia na mabango yake yanaonekana kutoka mbali. Sungura alimsikiliza kwa dakika tano, akahesabu kwa vidole. Sheria za Mto Mkavu, alisema, tumezirithi kwa Waingereza, kama walivyozirithi Tanzania na Kenya. Dai la madhara ya uzembe lina miaka 3, basi. "Umechelewa kwa mwaka mzima, mama." Akamtoza ada ya ushauri.

Akatoka analia, akamkuta Kobe chini ya mti. Kobe naye alikuwa wakili, lakini wateja walimkimbia kwa sababu aliwahi kumaliza kesi ya mipaka ya shamba wakati shamba limekwisha kuwa ziwa. Akamsikiliza mpaka jua likazama. "Sungura anasoma haraka," alisema. "La mama limelala, hilo kweli. La mtoto halijaamka." Akamfafanulia kwamba saa ya mtoto haianzi kugonga mpaka atoke utotoni, kwa binadamu ni akitimiza miaka 18, kwa paa ni akiota pembe, na kwamba mama anaweza kufungua shauri sasa hivi kwa niaba ya mwanawe bila kungoja hizo pembe. "Mimi kesi za namna hii ndizo zinanifaa," akasema Kobe. "Ila usitarajie kesho. Kule Uingereza kuna mama mmoja, Montgomery, mwenye kisukari na umbo dogo, hakuelezwa na daktari kwamba mtoto wake anaweza kukwama mabega. Mtoto alizaliwa mwaka 1999, akakwama, akaumia ubongo na mkono. Mahakama ya Juu ilimpa haki yake mwaka 2015, pauni milioni 5.25."

"Kwa hiyo mimi niko mapema?" aliuliza Bi Paa.

"Uko mapema kabisa."

Hospitali ni ya Serikali, na Serikali haishtakiwi ghafla. Inapewa kwanza notisi. Tanzania notisi hiyo ni ya siku 90, na Mto Mkavu waliiga. Nia ya sheria ni njema, Serikali ipate nafasi ya kupatana na mwananchi bila kupelekana mahakamani. Kobe akaandika notisi, akaipeleka mwenyewe, na hiyo nayo ikala mwezi. Siku 90 zilipoanza kuhesabiwa, hakuna aliyemwita Bi Paa kwa mapatano. Lakini taa ya ofisi ya Mganga Mkuu, yaani huyohuyo Dakta Nyani aliyepandishwa cheo, ilionekana ikiwaka mpaka usiku, na asubuhi moja mgomba wa nyuma ya hospitali ulikutwa umepungukiwa jani.

Shauri likaitwa. Hakimu alikuwa Mheshimiwa Ngedere. Wahenga walikwisha kutuonya kuhusu kesi ya nyani ikienda kwa ngedere, lakini tume ya ajira haikuwa imewaalika wahenga kwenye usaili.

Wakili wa Serikali alikuwa Kasuku, msomi, anayezikariri kesi za watu kwa sauti ya jaji aliyezitoa. Alianza na Bolam. Mwaka 1957 huko London, alisema, mtu aitwaye Bolam alikuwa amevunjika nyonga akitibiwa kwa mshtuko wa umeme, bila dawa ya kulegeza misuli, bila kushikwa sawasawa. Jaji McNair akawafundisha wazee wa baraza kwamba daktari hana uzembe ikiwa alitenda kwa namna inayokubaliwa na kundi la wajuzi wa fani ileile. Bolam akashindwa. "Kwa hiyo, Mheshimiwa," alimalizia Kasuku, "swali si kama Dakta Nyani alikosea machoni pa paa. Swali ni kama nyani wengine wangefanya kama yeye."

Wakaletwa nyani watatu, mmoja mjomba wa daktari, mmoja mwalimu wake, wa tatu ndiye anayemshikia zamu kwenye mbuyu. Wote kwa kiapo walisema wangefanya hivyo hivyo. Mmoja aliongeza, kwa ukarimu, kwamba yeye angechelewa zaidi.

Kisha Kasuku akagusa jambo ambalo, lazima nikiri kwa niaba yake, ni la kweli. Mtindio wa ubongo hauletwi na uzazi mbaya peke yake. Watoto wengi wenye hali hiyo waliipata kabla uchungu haujaanza, kwa maambukizi tumboni, au kwa kuzaliwa kabla ya wakati, na wengine baadaye, kwa manjano iliyoachwa kupanda. Ndiyo maana mdai analazimika kuvuka mito miwili: kwanza aonyeshe kwamba daktari alizembea, kisha aonyeshe kwamba ni uzembe huo, si kitu kingine, uliomharibu mtoto. Wengi huvuka wa kwanza wakazama wa pili. Na ubao wa kuvukia huo wa pili ni mmoja: jani, linaloonyesha kuwa saa 4 moyo ulikuwa 140 na saa 8 ulikuwa 88. Bila jani, Bi Paa ana mtoto mlemavu na hasira.

Kasuku akatoa jani. Lilikuwa la kijani kibichi, safi, limepigwa pasi. Moyo saa 4, 140. Saa 5, 140. Saa 6, 140. Saa 7, 8, 9, 10, zote 140, kana kwamba mle tumboni ilikuwamo saa ya ukutani wala si mtoto. Nukta zote za mwiba mmoja, kina kimoja, mkono mmoja. Hakimu alilitazama akasema ni nadra kuona kumbukumbu nadhifu kiasi hiki, na akaagiza lipokewe kama kielelezo.

Kobe akainua shingo. "Mheshimiwa, hilo jani lina umri gani?"

"Miaka mitano."

"Na bado ni bichi?"

Pakawa kimya. Nyani mjuzi wa kwanza akasema kwa uzoefu wake majani hutofautiana.

Kobe akaomba liletwe jani la asili kutoka masijala, na Ngedere, ambaye mchana ule alikuwa na njaa na alitaka kuahirisha kwa sababu yoyote ile, akakubali. Amri ikatoka: mtunza masijala alete faili kesho saa 3 asubuhi.

Sasa mtunza masijala alikuwa Mbuzi. Usiniulize nani alimpa Mbuzi kazi ya kulinda majani. Katika mfumo wa Mto Mkavu kazi ziligawanywa kwa ukoo na kwa ndevu, na Mbuzi alikuwa navyo vyote. Faili za miaka miwili ya nyuma zilikuwapo. Za mitano zilikuwapo zile tu zisizo na ladha. La Bi Paa lilikuwa limehifadhiwa kwa bahati: lilidondoka nyuma ya kabati. Jioni ile Mganga Mkuu alipita masijala, akazungumza habari za hali ya hewa, na akiwa mlangoni akasema kama mtu anayejisemea, "Majani makavu ya zamani huwa na chumvichumvi." Akaenda zake. Wala hakuamuru chochote. Alipokuja kuhojiwa baadaye alilisisitiza sana hilo, na lilikuwa kweli.

Saa 3 asubuhi Mbuzi akapanda kizimbani, tumbo mbele. Akaapa. Kobe akamuuliza faili liko wapi. Mbuzi akasema limepotea katika mazingira yasiyojulikana. Kobe akauliza mara ya mwisho alipoliona. Mbuzi hakujibu, kwa kuwa wakati huo taya lake lilianza kwenda kushoto na kulia. Unajua tabia ya mbuzi: alichokimeza jana akiwa na haraka, leo akitulia hukirudisha mdomoni akitafune kwa nafasi. Na hakuna mahali Mbuzi aliwahi kutulia kama kizimbani, maana hapakuwa na simu wala wananchi. Akacheua. Kipande cha jani kikatokeza pembeni mwa mdomo, cha kahawia, chenye matundu.

"Mheshimiwa!" akasema Kobe, na wasikilizaji wanaapa kwamba ndiyo siku pekee Kobe alikwenda mbio.

Kasuku akaruka kupinga. Kielelezo kimetoka mdomoni, mtiririko wa utunzaji umekatika, haijulikani kimepitia mikono ya nani. Kobe akajibu kwamba hakikupitia mkono wowote. Mbuzi ndiye mtunza masijala kwa barua ya uteuzi. Kilichomo ndani ya Mbuzi kimo ndani ya masijala. Tumbo la mbuzi lina vyumba vinne, na kwa maoni yake hayo ni makabati manne ya Serikali, na kwa kweli yamehifadhi vizuri kuliko yale ya mbao. Ngedere akakuna kichwa. Hakuwa na mfano wa shauri kama hilo kutoka Uingereza. Akapokea.

Jani likasomwa, lile lililosalia. Saa 7, 112. Saa 7 na nusu, 100, *tarishi ametumwa*. Saa 8, 88, maji ya kijani, *tarishi ametumwa*. Na chini, kwa matundu madogo ya mtu anayetoboa huku amemshika mzazi mwingine kwa bawa la pili: *mara ya tatu, daktari hataki kuja*.

Nesi Kanga alikuwa ameketi nyuma kabisa. Miaka mitano hakuna aliyemuuliza, na barua ya onyo ilikuwa kwenye droo ya Mganga Mkuu ikisubiri siku atakayosema. Sasa hakuhitaji kusema. Jani lilikuwa limesema kwa niaba yake. Kobe akawageukia nyani watatu, akawakumbusha kwamba huko huko Uingereza, katika shauri la Bolitho mwaka 1997, mabwana wa sheria walisema maoni ya wataalamu hayapokewi kwa sababu tu ni ya wataalamu; lazima yasimame mbele ya akili. "Wazee wangu," akawauliza, "moyo wa 88 na daktari kwenye mbuyu. Mngefanya hivyo hivyo?" Mjomba akaomba maji.

Uzembe ukathibitika, na mto wa pili ukavukwa kwa ubao wa jani lilelile. Ungedhani hekaya inaishia hapo, ngoma zipigwe. Lakini kuthibitisha uzembe ni nusu ya shauri. Nusu ya pili ni bei, na hapo ndipo msitu ulipoona vioja.

Kasuku alianza na risiti. Fidia ya gharama zilizokwisha kutumika, alisema, lazima itajwe moja moja na kuthibitishwa kikamilifu. Risiti ya mganga wa kwanza iko wapi? Ya yule wa kuku mweusi? Nauli ya miaka mitano kwenda kwa Bi Twiga, tiketi ziko wapi? Bi Paa alitembea kwa miguu. "Basi hakuna gharama," akasema Kasuku, na hakimu akakata magunia yote ya mtama yaliyoombwa kwa sehemu hiyo. Miguu ya mama haitoi stakabadhi, na mgongo uliombebea mtoto miaka mitano hauna namba ya mlipakodi.

Kikafuata kipato ambacho mtoto angekipata ukubwani. Kasuku akauliza, paa kazi yake nini? Kukimbia. Na kukimbia hakuna mshahara. Sifuri.

Mwisho, matunzo ya maisha. Hapa alishusha sauti, akavaa uso wa msiba. Ni jambo la kusikitisha, alisema, lakini wataalamu wake wanasema mtoto aliyeumia kiasi hiki haishi muda mrefu, hivyo miaka ya kumtunza ihesabiwe michache. Bi Paa alichukua muda kuelewa. Alipoelewa alisimama bila ruhusa. "Yaani kwa kuwa mmemuumiza sana, mnalipa kidogo?" Akaambiwa aketi. Na hii, msomaji, sikuitia chumvi: hoja ya umri uliobaki huletwa katika mahakama za watu wenye suti, na kadiri mtoto alivyoharibiwa zaidi ndivyo kikokotoo kinavyoteremka.

Ngedere akatoa magunia 300 ya mtama. Kobe alikuwa ameomba 900. Gazeti la msitu liliandika kwamba Bi Paa ametajirika.

Akachukua hukumu akaenda Hazina, inayolindwa na Nungunungu. Nungunungu aliisoma, akasema ni hukumu nzuri. Ghala, hata hivyo, lilikuwa na mgao wake, na fidia haikuwa kwenye bajeti ya mwaka. Kobe akafikiria kukaza hukumu, akamate hata kiti cha Mganga Mkuu kiuzwe, akaambiwa mali ya Serikali haikamatwi, na kweli haikamatwi, wala Kenya wala Tanzania. Unaweza kumshinda Simba mahakamani. Kumpokonya nyama ni habari nyingine. Mwaka wa pili yakatoka magunia 40, yaliyokatwa kutoka kwenye fungu la hospitali hiyohiyo, fungu la glavu na mipira ya kupulizia hewa.

Habari zikaenea mpaka Simba akaona haya, akaunda tume. Mbayuwayu, aliyekuwa amerudi kutoka kaskazini ya mbali, akaomba kuzungumza. Alisema Sweden, tangu mwaka 1975, mgonjwa aliyeumia hahitaji kumthibitishia mtu uzembe ili alipwe. Inatazamwa kama madhara yale yangeweza kuepukwa. Kama yangeweza, bima inalipa, na kumwadhibu daktari ni shauri jingine la meza nyingine. Hivyo daktari haogopi kusema lililotokea. Marekani nako, jimbo la Virginia mwaka 1987 na Florida mwaka 1988 walianzisha mfuko wa watoto walioumia ubongo wakizaliwa, ingawa anayeingia mfuko huo kwa kawaida hufungiwa mlango wa mahakama, na wako wazazi walionung'unika. Mimi binafsi ningeuchukua mfuko, hata wenye manung'uniko, kuliko kumngoja Kobe. Ila mfuko nao utauliza nini kilitokea saa 8 usiku, na ataulizwa yuleyule Mbuzi.

Tume ilimshukuru Mbayuwayu kwa mchango wake wa kimataifa. Ikakaa siku kumi, ikaja na mapendekezo. Dakta Nyani ahamishiwe makao makuu, kitengo cha ubora wa huduma. Mbuzi apewe mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu. Nesi Kanga apewe onyo kwa kuandika kwenye nyaraka za Serikali maneno ya kumdhalilisha mkubwa wake. Na kwa kuwa chanzo cha tatizo zima kimebainika kuwa ni jani lenye ladha, kuanzia sasa patografu zote zitobolewe kwenye majani ya mwarobaini, ambayo ni machungu. Zabuni ya mwarobaini akaipata mpwa wa Nyani.

Majani yalipofika wodini, furushi kwa furushi, wajumbe walikuja kupiga picha. Usiku uliopita Kanga alikuwa na wazazi 14, peke yake. Akainua bawa akauliza nani atayatoboa. Katibu akasema hilo ni swali zuri sana, akaliandika chini ya "Mengineyo", na kikao kikafungwa kwa sala kabla ya kufika huko.